Msafara Ndani ya Simu: Kucheza na Kutengeneza Roglaiki Ukiwa Kaliua

Ukiwa Kaliua na umeshikwa na hamu ya kutengeneza gemu, usianze na mpira wala mbio za magari. Gemu za namna hiyo hudai wachoraji, wapiga muziki, kompyuta ya bei kubwa na fedha za kuwalisha watu wote hao kwa miaka. Anza na roglaiki. Ni ukoo wa gemu uliozaliwa na Rogue, ambayo Michael Toy na Glenn Wichman waliitengeneza mnamo 1980 wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz. Rogue haikuwa na picha hata moja. Shujaa alikuwa alama ya @, adui alikuwa herufi, ukuta ulikuwa mistari, na watu walikesha wakiicheza. Kilichowafanya wakeshe ni kanuni. Kanuni hutungwa kwa akili, kalamu na daftari, na mtu mmoja mwenye simu na subira anaziweza.

Kanuni za msingi ni chache. Ramani hupangwa upya kwa nasibu kila unapoanza. Mambo huenda kwa zamu, kwa hiyo usiposogea, adui naye hasogei. Una muda wa kufikiri kadiri upendavyo. Chakula, silaha na dawa ni haba. Na ukifa umekufa, unarudi mwanzo kabisa. Aliyezoea bao atajikuta nyumbani kwa upande mmoja na ugenini kwa mwingine: kwenye bao kete zote ziko mbele ya macho na bahati haina nafasi, ila roglaiki hukuficha nusu ya ubao kisha hudai hesabu zile zile za mbele.

Wazazi huuliza kama bahati hiyo ni ndugu ya kubeti. Hapana. Huweki shilingi, huahidiwi kitita, na kadiri unavyojifunza ndivyo unavyofika mbali. Mashine ya kamari haijali umejifunza nini.

Cheza kwanza, daftari likiwa mkononi

Gemu ya kuanzia ni Shattered Pixel Dungeon. Oleg Dolya, anayejulikana zaidi kwa jina la Watabou, alitoa Pixel Dungeon mwaka 2012. Mwaka 2014 aliuachia umma msimbo wake wote, na Evan Debenham akauchukua na kuanza kuukuza hadi ukawa Shattered. Ni ya bure, haina matangazo, na ikishaingia kwenye simu haidai bando. Ipakue siku ukiwa penye mtandao mzuri, au mwombe mwenzako akurushie faili.

Utashuka ghorofa 26 chini ya ardhi. Mwanzoni hutafika hata ya tano, na hilo lisikuvunje moyo. Shika mambo haya.

Pigana mlangoni. Ukisimama katikati ya chumba, maadui wanne watakuzunguka na wote wanne watakupiga kila zamu. Ukirudi nyuma hadi kwenye mlango au ujia mwembamba, anakufikia mmoja tu. Wachezaji wengi hufa wakiwa na nguvu za kutosha, ila wamesimama pabaya.

Dawa usiyoijua ijaribu kwa mpango. Rangi za dawa hubadilishwa kila mchezo mpya, kwa hiyo nyekundu iliyokuponya jana leo inaweza kukuunguza. Inywe ukiwa mzima, pasipo adui, karibu na maji na karibu na mlango. Ikiwa ni moto, utakimbilia majini. Ikiwa ni hewa ya sumu, utatokea mlangoni. Kosa la mgeni ni kuijaribu akiwa mahututi, akiomba iwe tiba.

Usizurure, maana njaa inahesabu kila hatua. Wala usifie juu ya mfuko uliojaa. Ukiona damu imebaki robo, fungua mfuko, soma kila kilichomo, kisha uamue. Gemu inakusubiri.

Kisha andika. Kila ukifa, weka daftarini ghorofa uliyofia, kilichokuua, na chaguo ulilokuwa nalo hatua tatu kabla. Hapo ndipo mchezaji anapogeuka mtengenezaji. Vifo vikishajaa kurasa mbili tatu utaona vimegawanyika makundi mawili. Kuna kifo cha haki, ambacho dalili zake ulikuwa nazo ukazipuuza. Na kuna kifo cha dhuluma, ambacho hakuna hekima ingekiepusha. Gemu nzuri hujaa cha kwanza na hukimbia cha pili. Ukilielewa hilo umeelewa kazi nzima, na mfano bora ninaoujua wa kifo cha haki haumo katika gemu yoyote. Umo katika historia ya wilaya yetu.

Ulyankulu, 1871

Agosti 1871 Waarabu wa Unyanyembe, upande wa Tabora, walitoka kwenda kumpiga mtemi Mirambo aliyekuwa akiwabana njiani. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifuatana nao, akiwa katika safari yake ya kumtafuta Livingstone, lakini homa ikamlaza. Kikosi kilichoongozwa na Soud bin Said kiliendelea mpaka Wilyankuru, ndiyo Ulyankulu ya leo hapa wilayani Kaliua, na kikakiteka kijiji. Mirambo alikuwa ameshatoka na watu wake na kuwalaza ndani ya majani, kando ya njia ya kurudia. Washindi walipotoka wameelemewa na pembe za ndovu, nguo na mateka, majani yakasimama. Soud na Waarabu wenzake wakauawa. Hazikupita siku nyingi vita ikaingia hadi Tabora.

Sasa lisome tukio hili kwa jicho la mtengenezaji. Mkuu wa kijiji hakuonekana: hiyo ni dalili. Mizigo iliongezeka, na kila aliyebeba pembe hakuwa na mkono wa kushika bunduki: hiyo ni gharama. Walirudi kwa njia ile ile waliyojia: hilo ni chaguo. Hakuna bahati mbaya hata moja katika mlolongo huo. Lifanye kanuni na utapata tatu kwa mpigo. Mzigo hupunguza mwendo na ulinzi. Kijiji kilichotekwa kwa urahisi kina uwezekano mkubwa wa mtego. Na adui hukumbuka njia uliyoingilia. Mchezaji akifa hapo atapiga paja na kusema, “Ningeacha zile pembe.” Ukimsikia akisema hivyo, gemu yako imekamilika pakubwa kuliko unavyodhani.

Ndiyo maana nasema usijenge mashimo yenye majini na mazimwi ya Ulaya. Yamejengwa tayari, mengi mno, na watu wanaoyajua kuliko wewe. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ilipita katika misitu hii ya miyombo, na ina kanuni ambazo mtengenezaji wa London hana pa kuzitoa.

Chukua shanga. Wasafiri wa karne ya 19 walilalamika sana kwamba shanga zilizopokelewa kwa furaha Ugogo zingeweza kukataliwa kabisa mahali pengine. Unyamwezi walizitaka nyekundu, za samisami. Mkuu wa msafara aliyenunua rangi isiyotakiwa alijikuta na magunia ya kitu kisicho na thamani katikati ya pori. Hiyo ndiyo dawa isiyojulikana ya Rogue, tena yenye mantiki nzuri zaidi. Kila mchezo mpya, acha nasibu iamue kijiji kipi kinapenda shanga zipi, kisha umpe mchezaji njia ya kujua kabla hajafika: msafara unaorudi, mwenyeji aliyepokewa vizuri, wanawake waliovaa shanga kisimani.

Chukua chakula, na hapa nakuomba ukae na kalamu. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba 1 cha nafaka kwa siku, kama gramu 700 hivi. Mzigo mmoja ulikuwa na uzito wa frasila 2, karibu kilo 32. Basi mzigo mmoja wa nafaka ni vibaba 45, na katika msafara wa watu 10 unakwisha baada ya siku 4 na nusu. Ukitaka kubeba chakula cha siku 20 utahitaji wapagazi zaidi ya 4 wasiobeba kitu kingine, nao pia wanakula. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini misafara ilibeba nguo na kununua chakula njiani, na kwa nini doti ya merikani, mikono 8 ya kitambaa, ilikuwa uhai. Usimweleze mchezaji haya kwa maandishi marefu. Mwache achague mizigo Tabora, afe njaa kabla ya Malagarasi, aanze tena na nguo nyingi zaidi.

Chukua hongo, ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi. Huu usiufanye bei iliyoandikwa ukutani. Mtemi ataje kiasi, mchezaji apunguze, siku zipite, chakula kiliwe wakati wa majadiliano. Na iwepo njia ya tatu: Stanley alipofika Uha alilipa, akatozwa tena, na alipoambiwa kuwa wako watozaji wengine mbele, akakodi mwenyeji wa kumwongoza na kupita porini usiku. Katika gemu, kupita usiku kuokoe nguo lakini kulazimishe ukimya. Mbuzi na punda wanapiga kelele. Mto Malagarasi nao una ushuru wake wa mitumbwi, na una mamba. Stanley alipoteza punda pale. Mvua za Novemba hadi Aprili ziufanye mto upanuke na bei ya mtumbwi ipande.

Usisahau njia kufungwa. Mwaka ule ule wa 1871 Stanley alishindwa kupita moja kwa moja kwa sababu ya vita ya Mirambo, akazunguka kusini kupitia Ukonongo, upande ambao leo treni ya Mpanda inaelekea baada ya reli kugawanyika hapa Kaliua. Alifika Ujiji Novemba. Njia mbili, moja fupi yenye vita, moja ndefu yenye njaa: hilo pekee linatosha gemu ya kwanza.

Kuna jambo ambalo sitakuachia uamue peke yako. Njia hii ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Usimgeuze binadamu yeyote kuwa kitu cha mfukoni chenye bei. Usiufiche utumwa, maana utakuwa umeandika uongo. Mchezaji akutane nao, aone majumba matupu, asikie habari za waliochukuliwa, aulizwe atafanya nini. Lakini asipewe alama kwa kuuza mtu. Na wapagazi wake, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, kila mmoja awe na jina, nguvu zake, na kikomo cha uvumilivu. Akicheleweshewa posho, atue mzigo na kuondoka usiku. Majira ya kulima yakifika, atake kurudi shambani. Kufiwa na mpagazi anayeitwa Kasanda kuume kuliko kupoteza “mpagazi namba 4”.

Kwa habari zaidi tafuta Safari za Wasuaheli, kitabu ambacho Carl Velten alikichapisha mwaka 1901, chenye masimulizi ya Selemani bin Mwenye Chande aliyekwenda bara na misafara. Yameandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyekuwa ndani ya safari, na lugha yake itakufundisha namna watu wa msafara walivyozungumza. Wazee wa Urambo na Ulyankulu nao waulizwe, kwa adabu na kwa muda wa kutosha.

Kuandika yenyewe

Ushauri wangu ni JavaScript ndani ya faili moja la HTML. Faili hilo hufunguka kwenye kivinjari cha simu karibu yoyote, bila kusakinishwa na bila bando, na hurushwa kwa Bluetooth kama wimbo. Kompyuta ni bora kama unayo. Kama huna, sakinisha Acode kwenye simu ya Android; ni kihariri cha bure na kinatosha. Ongeza na rot.js, maktaba ya bure ya Ondřej Žára iliyotengenezwa mahususi kwa roglaiki: inakupa utengenezaji wa ramani, hesabu ya nani anaona wapi, mpangilio wa zamu, na utafutaji wa njia. Ipakue mara moja, uihifadhi.

Fanya kazi kwa mpangilio huu, na usiruke hatua kwa tamaa. Kwanza, ramani ya miraba 20 kwa 15 na alama ya @ inayotembea. Simu haina vitufe vya mishale, kwa hiyo chora vitufe vinne vikubwa chini ya kioo. Herufi zinatosha: T kwa mti, alama ya wimbi kwa maji, # kwa boma.

Pili, msitu wa nasibu. Jaza ramani yote miti. Muweke mtu asiyeonekana upande wa mashariki, mtembeze hatua moja moja kwa nasibu ukimwelekeza magharibi mara nyingi kidogo kuliko pengine, na kila anapokanyaga pafyekwe. Atakuachia njia yenye kona na vipenyo, yenye sura ya njia ya kweli ya pori. Ukishaongeza mito na maboma, hakikisha panapitika: anzia Tabora, tia alama kila mraba unaofikika kutoka hapo, kisha majirani zake, mpaka umalize. Ujiji isipopata alama, ifute ramani utengeneze nyingine. Gemu nyingi za wanaoanza hufia hapa, kwa mchezaji kuzungukwa na maji asiyoweza kuvuka. Hicho ndicho kifo cha dhuluma.

Tatu, mbegu. Nasibu ya kompyuta huanzia kwenye namba. Ukiipa rot.js namba ile ile, ramani ile ile inarudi. Ionyeshe mbegu kwenye kioo mchezaji anapokufa. Itakusaidia kurudia kosa ulilosimuliwa na kulitengeneza, na vijana watashindana nani anafika mbali zaidi kwenye mbegu 1871.

Nne, zamu na posho: mchezaji asogee, kisha wengine wasogee, kisha kibaba kitolewe. Tano, kijiji kimoja chenye hongo. Sita, mto mmoja. Basi. Gemu ya kwanza iishe ndani ya dakika 20, hapo hutahitaji hata sehemu ya kuhifadhi mchezo, ambayo huwasumbua sana wanaoanza. Vita, usiku, magonjwa na mbung'o vitakuja toleo la pili.

Maandishi yote yawe Kiswahili, na yaandike mwenyewe kwa uangalifu. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, hasemi kama tangazo la benki.

Gemu ikishatembea, mpe mtu simu na unyamaze. Kunyamaza ni kugumu, lakini ukimweleza abonyeze wapi umeharibu jaribio, kwa kuwa hutakuwa kwenye kila simu. Mtazame uso. Akiuliza “Nimekufaje?” una kazi ya kufanya: dalili haikuonekana. Kituo cha reli wakati watu wanangoja treni ni mahali pazuri sana pa kupata wajaribu. Badilisha namba moja kwa wakati mmoja, bei ya mtumbwi au uzito wa mzigo, kisha ujaribu tena. Ukibadilisha tano hutajua ipi imeponya.

Kuipeleka kwa watu

Asikwambie mtu kwamba hili ni la wenye vyumba vya kiyoyozi. Lual Mayen, ambaye familia yake ilikimbia vita ya Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka mitatu kumnunulia laptopu, naye Mayen alikuwa akitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe na kutengeneza gemu aliyoiita Salaam, ambayo mchezaji anakimbia mabomu akitafuta chakula, maji na dawa. Kambini ilisambaa kutoka simu hadi simu. Mwaka 2018 alitambuliwa jukwaani katika The Game Awards nchini Marekani. Anza alipoanzia, kwa Bluetooth. Kisha iweke itch.io, ambako kupandisha gemu ni bure. Google Play hutoza dola 25 mara moja kwa kujisajili.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Balatro, roglaiki ya karata iliyotengenezwa na mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, ilitoka Februari 2024 na kufikia Januari 2025 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 5. Hilo limetokea, lakini usiache shamba la tumbaku wala mizinga ya nyuki kwa kulitegemea. Andika jioni, na kiangazi, mauzo ya tumbaku yakishaisha, uongeze kasi.

Kila mwaka, karibu mwanzo wa Machi, watengenezaji duniani kote hushiriki changamoto ya kutengeneza roglaiki ndani ya siku saba. Ilianza 2005, haina kiingilio, na hakuna anayeuliza una cheti gani. Jifunze hatua sita za hapo juu kabla ya Machi ijayo, waite wenzako wawili, kisha mpeleke gemu yenu: kijiji kimoja, mto mmoja, wapagazi wenye majina, kwa Kiswahili.